Kulea watoto wa watu: kelele si kitu, shughuli iko mlangoni

Nikisema nalea watoto wa watu nyumbani kwangu, Tabata, watu hunipa pole ya kelele. Kelele si kitu. Mtoto ukishamzoea unajua kilio chake cha njaa, cha usingizi na cha deko, na saa 7 mchana wakishalala wote nyumba inatulia kuliko ofisi. Shughuli iko mlangoni: zile dakika chache za asubuhi unapompokea mtoto na zile za jioni unapomkabidhi. Karibu kila balaa lililonipata katika kazi hii lilipitia hapo, iwe hela, ugonjwa, maneno ya mtaani, hata polisi nusura waitwe. Anayetaka kuanza asikimbilie kununua midoli na kuchora tembo ukutani. Kwanza ajue atasema nini pale mlangoni.

Kwangu hakukuwa na mpango wowote. Jirani yangu, mhudumu wa mapokezi katika ofisi moja mjini, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Sheria ya ajira inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua pacha, na anaruhusiwa kuianza hadi wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Yeye miguu ilimvimba, akaianza mapema. Piga hesabu: aliporudi kazini mtoto ana miezi miwili hivi, shingo ndiyo kwanza inakaza. Dada wa kazi aliyeletwa kutoka Singida akaomba ruhusa akazike, simu ikazimwa moja kwa moja. Jumapili jioni jirani akaja kwangu na mfuko wa pampasi, macho mekundu. "Dada, nishikie wiki hii tu, nikipata msichana nakuondolea mzigo." Duka nililokuwa nauza Kariakoo lilikuwa limefungwa, mwanangu wa mwisho yuko shule, mimi nipo tu nyumbani. Ningekataaje?

"Wiki hii tu" ikala miezi. Mwenzake wa ofisini akasikia, akaleta wake. Kisha akaja mama anayeuza chapati stendi, ambaye hana mwajiri wa kumpa likizo. Arobaini ilipoisha alirudi kwenye jiko lake na mtoto mgongoni, moshi wote wanavuta wawili. Sebule yangu ikajaa mikeka.

Bei sikuitaja. Jirani unamtajiaje bei? Mara kilo ya sukari, mara elfu tano, mara "Mungu atakulipa dada yangu". Nilipokuja kujikaza nikasema elfu mbili kwa siku, yule wa chapati alilipa palepale kwa sarafu, bila neno. Wenye mishahara ndio walionambia tutaongea mwisho wa mwezi. Mmoja alihama mtaa na deni langu, na mpaka leo tukikutana kwenye daladala anageukia dirishani kama mgeni wa jiji.

Hesabu yenyewe haina siri. Watoto watano kwa elfu mbili ni elfu kumi. Toa unga wa uji, wali na maharage ya mchana, sabuni, gesi, na maji ya kununua siku bomba halitoi. Toa elfu tatu za binti anayenisaidia, maana watoto watano wadogo kwa mtu mmoja ni hatari, nitaeleza mbele. Kuna siku nilibaki na elfu mbili, na kuna siku nilitoa mfukoni. Kinachoua biashara ni malipo ya siku: mzazi analeta mtoto siku inayomfaa yeye, na wewe unga umeshapika, binti ameshafika. Sasa hivi ni elfu sitini kwa mwezi, elfu themanini kwa aliye chini ya mwaka, inatumwa kwa simu kabla ya tarehe 5, mtoto aje asije. Wa chapati analipa kila Jumatatu, kwa sababu biashara yake haijui mwisho wa mwezi, na hajawahi kunikwepa.

Sasa mlango wa asubuhi. Simpokei tena mtoto akiwa amelala begani au amefungwa kwa kanga mgongoni. Namwomba mama amshushe, tunamvua nguo ya juu tukiwa wote wawili, naangalia ngozi, macho, pampasi, nagusa shingo kama ana joto. Wengine walikasirika: "Kwani unanishuku?" Nawaeleza kisa cha mtoto aliyekuja amevaa sweta, Dar es Salaam, mwezi wa kwanza, jua la kupasua vichwa. Alipoanza kulia mchana nikamvua, mkononi pana alama ya pasi, mbichi. Jioni baba ndiye aliyekuja kumchukua, akauliza mbele ya watu tumemfanya nini mtoto wake. Maneno yalizunguka mtaa mzima kabla dada wa kazi wa nyumba ile hajakiri kwamba pasi ilikuwa yake. Tangu siku ile, alama yoyote inaandikwa kwenye daftari asubuhi, mzazi anaweka sahihi, tunaagana vizuri.

Ukaguzi huo una upande wa pili, nao ni mzito zaidi. Kuna alama ambazo mtoto hazipati kwa kuanguka. Ukiziona, usimhoji mtoto mbele ya mzazi wala usipeleke umbeya kwa majirani. Piga 116, simu ya kuwasaidia watoto, haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yako. Niliwahi kuipiga. Habari yake ni ya mtoto, si yangu kuisimulia.

Kuhusu maziwa, hapa mama wengi wanapata tabu bure. Jirani yangu alikuwa ameshakata shauri la kumwachisha mwanawe kwa sababu aliambiwa maziwa yakikamuliwa yanaharibika. Hayaharibiki, ila yana masharti. Katika joto la nyuzi 25 au chini yanakaa saa nne. Kwenye friji, hadi siku nne. Chumba changu Februari hakijawahi kuijua hiyo nyuzi 25, na umeme nao unajiendea. Kwa hiyo alikamua alfajiri, akaweka kwenye vichupa vidogo safi, kila kimoja mlo mmoja, ndani ya hotpoti yenye barafu. Muda ukifika naloweka kichupa kwenye maji ya moto; jikoni hakipandi. Namnywesha kwa kikombe kidogo, taratibu, namsubiri alambe mwenyewe. Chupa ya kunyonyea nilishaiacha, ile chuchu yake inabana uchafu usiouona. Yaliyobaki kwenye kikombe yanamwagwa, hata ukiyaonea uchungu. Na jirani nilimkumbusha kwamba sheria hiyo hiyo ya ajira inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Alikuwa hajui. Akaenda kwa bosi wake, wakakubaliana aziunganishe, akawa anatoka saa 9. Mtoto alinyonya mpaka akatembea.

Uji nao una vita vyake. Bibi wa mtoto mmoja, mama mkwe, alinipenyezea mlangoni chupa ya uji mwepesi, mtoto ana miezi minne. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba kliniki wanasema maziwa ya mama tu hadi miezi sita, hata maji bado. Akacheka. "Wewe mama yako alikupa nini, mbona umekua?" Na bibi wa watu hubishani naye. Niliupokea, nikamrudishia mama chupa jioni ikiwa imejaa, nikamshauri safari ijayo aende kliniki na mkwewe, maneno ayasikie kwa muuguzi. Ilisaidia. Siku hizi kila mtoto anakuja na nakala ya kadi yake ya kliniki, ndimo ninamoona na chanjo. Surua na rubela inatolewa miezi 9 halafu miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo mama wengi niliowapokea walikuwa wameisahau, wanadhani walishamaliza.

Kitu ambacho sikukitegemea ni dawa ya usingizi. Mama mmoja alinikabidhi mfuko, ndani kuna kichupa cha dawa ya mafua ya maji. Mtoto hana mafua. "Akisumbua mpe kifuniko kimoja, atalala mpaka nikirudi." Alisema kwa nia njema, ndivyo alivyofanyiwa na aliyemlelea kabla yangu, na yeye akaona ni kawaida. Mtoto mdogo aliyelazwa kwa dawa anaweza kupata shida ya kupumua na wewe uko uani unafua, unadhani amelala vizuri. Kwangu dawa haiingii ila imeandikwa na mtoa huduma wa afya, ina jina la mtoto, na mama ameniandikia kipimo na saa kwenye daftari. Na wewe mzazi unayesoma hapa: mtoto wako akirudi kila jioni mzito, amelegea, halafu usiku kucha macho makavu, muulize mlezi wako anampa nini.

Mtoto mgonjwa harudishwi kirahisi, maana mama akirudi naye nyumbani siku hiyo hapati cha kula. Nimekubali mafua ya kawaida. Homa, macho mekundu yenye tongotongo, kuhara na vipele nisivyovijua sipokei, na nilijifunza kwa gharama. Mtoto mmoja alikuja anaharisha "kidogo tu, meno hayo". Siku zilizofuata walihara watatu, na binti wangu wa kazi juu. Nilinawa mikono hadi ngozi ikachubuka. ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, pakiti ya lita moja kwenye lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa, usikadirie kwa jagi. Ikipita saa 24 mwaga, changanya nyingine. Na zinki: kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, nusu kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Mama wengi wanaikatiza kuhara kukikoma siku ya tatu. Macho yakidumbukia, mtoto akiwa hakojoi, hanywi au amelegea, usingoje mama atoke kazini: kituo cha afya kwanza, simu mkiwa njiani. Hilo la kwenda bila kumngoja mzazi tunaliandika siku ya kwanza kabisa, pamoja na nani atalipa.

Siku iliyonikata maini ilikuwa ya ubuyu. Mwanangu alirudi shule na pakiti ya ubuyu ule mwekundu, akampa mtoto mmoja wa mwaka na kitu punje moja, kwa upendo kabisa. Mimi naanua nguo. Nikasikia kikohozi kimoja, kisha kimya. Nilipogeuka mdomo uko wazi, macho yamemtoka, sauti haitoki. Jirani wa ng'ambo ya ukuta anapiga kelele, "Mpe maji! Mpe maji!" Nikakaa chini, nikamlaza kifudifudi pajani, kichwa chini, nikampiga kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega. Pigo la kwanza kimya, la pili kimya. La nne mbegu ikaruka ikagonga ndoo, rangi yake bado imeng'ang'ania. Akalia. Kilio kitamu kama kile sijawahi kukisikia. Mimi miguu ilikataa kunyanyuka.

Yale ya kumpiga mgongoni nilifundishwa na muuguzi kliniki, miaka ya nyuma, nikiwa nangoja zamu kupima uzito wa mwanangu. Akiwa chini ya mwaka: mapigo matano mgongoni kichwa kikiwa chini, kisha mgeuze, bonyeza kifua mara tano kwa kisigino cha kiganja kimoja katikati, chini kidogo ya mstari wa chuchu, rudia. Akizidi mwaka: matano mgongoni, kisha piga magoti nyuma yake, mzungushe mikono, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano. Anayekohoa kwa sauti mwache akohoe. Maji usimpe. Kidole usiingize mdomoni kwa kubahatisha, unakisukuma kitu ndani zaidi. Kwangu ubuyu, karanga nzima, bisi na pipi ngumu hazivuki geti hata kwenye begi la shule. Sarafu na vile vibetri vidogo vya midoli pia. Ndoo zote zina vifuniko, kwa kuwa mtoto anayejifunza kusimama hutumbukia kichwa, na maji ya kina cha kiganja yanamtosha. Mafuta ya taa na dawa ya madoa havikai kwenye chupa ya soda. Mtu mmoja hawezi kuyaangalia yote hayo huku akibadilisha pampasi, ndiyo maana ya yule binti wa elfu tatu. Wachanga wawili kwa mtu mzima mmoja, hapo ndipo nilipojiwekea mpaka, na sivuki hata mzazi alie.

Mlango wa jioni ulinipa funzo jingine. Saa 12 magharibi akaja kijana mtanashati, sijawahi kumwona.

"Habari za jioni, mama. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Karibu, baba. Mama yake hajaniambia."

"Kwani nahitaji ruhusa kuchukua damu yangu?"

Na kweli walifanana, pua ile ile. Nampigia mama, hapatikani. Sauti ikapanda, watu wakajaa, wengine upande wake: "Mpe mtoto wake, wewe ni nani?" Nikafunga geti watoto wakiwa ndani, nikamtuma mwanangu kwa mjumbe. Mzee akaja na kanzu yake, ndiyo kwanza ametoka msikitini, akamkalisha yule kijana kwenye benchi la muuza kahawa, wakazungumza mpaka mama akafika. Kumbe wana mgogoro wa matunzo wa muda mrefu. Mjumbe akawaelekeza kwa afisa ustawi wa jamii, ndiko mambo hayo yanakoanzia, si kwenye geti la mlezi. Unadhani mama alinishukuru? Kesho yake alikuja na sura ya mbuzi. "Umeniaibisha mtaani, umemwitia mjumbe." Akamhamisha mtoto. Yangejirudia leo, geti ningelifunga vilevile.

Tangu hapo daftari lina ukurasa wa kila mtoto: majina ya wanaoruhusiwa kumchukua, namba zao, picha zao kwenye simu yangu, sahihi ya mzazi. Ikitokea dharura mzazi anapiga, nasikia sauti yake. Ujumbe wa maandishi sikubali, simu ya mtu inaweza kuwa mkononi mwa yeyote. Na simkabidhi mtoto kwa kaka yake wa darasa la tatu, hata kama nyumba yao naiona kutoka dirishani.

Kuchelewa ndiko kulikokaribia kuleta ugomvi kwangu na mume wangu. Najua foleni, najua kugombania gari. Lakini mtoto wa mtu akiwa kwangu saa 2 usiku, mume wangu anakula chakula cha jioni na mgeni aliyekojolea kochi, na mwanangu ananuna kwa sababu mama yake ni wa kila mtu. Nilijaribu kubembeleza, haikufaa. Nikaweka elfu moja kwa kila nusu saa baada ya saa 12 na nusu. Wiki ile ile foleni ikapungua.

Usajili niliuogopa bila sababu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na nilikuwa najidanganya kwamba sebule si kituo. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyenistua: siku ikitokea ajali, sebule itaitwa kituo na mimi nitaitwa mahakamani. Nilianzia kwake kwa barua, nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, akaja kukagua. Aliuliza choo cha watoto, uzio, mahali pa kuchezea, kizima moto, vipimo vyangu vya afya na vya binti. Choo kilikuwa cha watu wazima, shimo kubwa, akakikataa. Nikatengeneza kidogo pembeni kwa hela ya mchezo niliyokuwa naitunzia sofa. Sofa mpaka leo sina, na kwa watoto hawa isingedumu.

Lililobaki ni moja ambalo wanaoanza hulisahau: ukiumwa wewe, nani anapokea? Nilipata malaria, nikawa nimelala chali, na saa 12 asubuhi watu wanagonga geti kama kawaida. Sasa nikiona mwili unachemka natuma taarifa kabla ya saa 3 usiku. Kuna mlezi mwenzangu mtaa wa pili, naye amesajiliwa, tumekubaliana kila mmoja ampokelee mwenzake watoto wawili, wale ambao mama zao hawana pa kukimbilia. Wengine wanajipanga wenyewe kwa siku hiyo. Hela ya siku hizo anapewa yeye, na kadi za kliniki zinakwenda na watoto.